Kutobolewa au kupasuliwa? Bili ya hospitali si hesabu nzima

DAKTARI anapoiambia familia kwamba mfuko wa uzazi wa mama una saratani na ni lazima utolewe, kila mtu huwa anajiuliza moyoni kama mama atapona. Lakini swali litokalo mdomoni kwanza ni jingine: ni pesa ngapi? Hapo ndipo wajomba huitwa, simu zikapigwa Nairobi na Uarabuni, daftari likafunguliwa na mchango ukaanza.

Siku hizi swali hilo limeota mkia. Katika hospitali zenye vifaa, jamaa huelezwa kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni ile ya tangu zamani, ya kulipasua tumbo. Ya pili ni ya kutoboa matundu madogo machache, kuingiza kamera na vyuma vyembamba, na daktari kuifanya kazi yote huku akitazama kwenye skrini. Hii ya pili mara nyingi huandikiwa bei kubwa zaidi.

Basi familia hugawanyika mapande mawili. Pande moja husema: "Tuchukue ya bei rahisi, kazi si ni ile ile?" Pande la pili husema: "Mama yetu hapasuliwi kama nguru wa sokoni. Tungojeni kwanza, tuchange, afanyiwe ile ya kisasa."

Mpenzi msomaji, leo tuikalie kitako hesabu hii, kwa sababu mapande yote mawili yanaweza kukosea. Na hili si kosa la shilingi tu.

Mtungi na mdomo wake

Kabla ya kuzungumzia pesa, tuelewane kwanza ni maradhi gani. Mfuko wa uzazi ni mfano wa mtungi mdogo uliopinduliwa. Tumbo la mtungi liko juu, na hapo ndipo mtoto hukaa. Mdomo wa mtungi uko chini, nao ndio uitwao mlango wa kizazi.

Saratani inayosikika sana hapa Kenya ni ile ya mdomo wa mtungi, yaani ya mlango wa kizazi. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa wanawake 5,845 nchini walipatikana nayo mwaka huo na 3,591 wakafa. Hiyo husababishwa na virusi viitwavyo HPV, na ndiyo sababu serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019.

Saratani tunayoizungumzia leo ni ya tumbo la mtungi, ile inayoanza katika utando wa ndani wa mfuko wenyewe. Kwetu si nyingi kama ile nyingine, lakini duniani wanawake zaidi ya 400,000 huipata kila mwaka. Haitokani na virusi vya HPV, na kile kipimo cha mlango wa kizazi wanachofanyiwa akina mama kliniki hakikukusudiwa kuigundua. Mama asitulie kwa kusema, "Nilipimwa mwaka jana nikawa safi."

Hupendelea wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Hupendelea zaidi walionenepa sana, wenye kisukari na ambao hawakujaaliwa kuzaa. Sababu yake ni kwamba mafuta ya mwili hutengeneza homoni ya estrojeni, na homoni hiyo ikiachwa peke yake huuchochea utando wa mfuko ukue bila breki. Nasi watu wa Mombasa twajijua: mahamri na mbaazi asubuhi, biriani ya Ijumaa, viazi vya karai jioni, halua na kahawa baada ya hapo, na kutembea hatutembei kama walivyotembea bibi zetu.

Jambo moja la rehema ni kwamba saratani hii haiji kimya. Wanawake wengi walio nayo, kama tisa katika kila kumi, huona damu isiyo ya kawaida. Na mama aliyekwisha kukoma hedhi akaona damu tena, hata tone, uwezekano wa kuwa ni saratani ni kama mmoja katika kumi. Tisa wengine watakuwa na sababu nyepesi. Lakini huyo wa kumi hawezi kujulikana kwa kukisia.

Njia mbili, mwisho mmoja

Matibabu makuu ya saratani hii ikiwa bado iko ndani ya mfuko ni kuutoa mfuko wenyewe pamoja na mirija na ovari. Wengi wanaotibiwa mapema hupona.

Katika upasuaji wa kawaida, tumbo hupasuliwa kwa mkato mrefu, mara nyingi kutoka chini ya kitovu kwenda chini, au juu zaidi ikihitajika. Daktari huona kwa macho yake na kushika kwa mikono yake. Mama hulala hospitalini siku kadhaa, na nyumbani huambiwa asiinue kitu kizito kwa muda wa wiki sita hivi.

Katika upasuaji wa matundu, ambao madaktari huuita laparoskopi, tumbo hujazwa hewa ya kaboni daioksaidi ili liinuke kama hema. Kamera huingizwa kwa tundu moja, vyuma kwa mengine. Mfuko ukishakatwa hutolewa kupitia njia ya uzazi, bila mkato mkubwa. Wengi huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili, na baada ya wiki mbili hadi nne wamerudia shughuli zao.

Njia hii si ya jana. Daktari Harry Reich wa Marekani aliutoa mfuko wa uzazi kwa laparoskopi mnamo Januari 1988. Hapa kwetu, Dkt Rafique Parkar na wenzake wa Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, walikuwa wakiandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuhusu wagonjwa waliowafanyia upasuaji kama huu kwa maradhi ya mfuko yasiyo ya saratani.

Hofu iliyokuwapo ni moja: je, saratani haitabaki nyuma kwa kuwa daktari hakufungua akaona vizuri? Swali hilo lilijibiwa kwa majaribio makubwa. Nchini Marekani wanawake 2,616 wenye saratani hii waligawanywa kwa kura kati ya mwaka 1996 na 2005. Wengine wakapasuliwa, wengine wakatobolewa. Matokeo ya uhai yalipotolewa mwaka 2012, makundi yote mawili yalikuwa sawa: karibu asilimia 90 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Jaribio jingine la wanawake 760, lililofanyika Australia, New Zealand na Hong Kong, lilitoa jibu lile lile mwaka 2017. Baada ya miaka minne na nusu, wasiokuwa na saratani walikuwa asilimia 81.3 kwa waliopasuliwa na 81.6 kwa waliotobolewa.

Kwa hivyo kwa upande wa kupona, kwa saratani ya mfuko iliyowahiwa mapema, hakuna aliyempita mwenzake. Maadamu mwisho ni mmoja, hapo ndipo swali la gharama linapokuwa na maana.

Bili ya hospitali

Tuanze na bili ambayo familia huiona. Chumba cha upasuaji hutoza zaidi kwa matundu, na sababu zipo. Kamera, taa na skrini ni vitu vya mamilioni. Baadhi ya vyuma hutumiwa mara moja vikatupwa. Na kazi huchukua muda mrefu zaidi: katika jaribio lile la Marekani, upasuaji wa matundu ulichukua kama dakika 204, na wa kawaida kama dakika 130. Kila dakika ya ziada ni dawa ya nusukaputi, ni mshahara wa wauguzi, ni umeme.

Lakini ukitoka chumba cha upasuaji, mzani huanza kugeuka. Katika jaribio hilo hilo, waliolala hospitalini zaidi ya siku mbili walikuwa asilimia 94 kwa waliopasuliwa, na asilimia 52 kwa waliotobolewa. Waliopata matatizo ya wastani au makubwa baadaye walikuwa asilimia 21 dhidi ya 14.

Hizo asilimia saba za tofauti ndizo zinazokula pesa. Kidonda kikioza, mgonjwa hurudi hospitalini, huoshwa, hupewa dawa kali za kuua viini, na pengine hushonwa upya. Na kumbuka ni nani hasa hupata saratani hii: mama mnene, mwenye kisukari. Huyo ndiye ambaye kidonda kirefu cha tumbo huwa kigumu kupona. Kwa maneno mengine, mama ambaye upasuaji wa matundu ni mgumu zaidi kumfanyia ndiye huyo huyo utakayemfaa zaidi.

Wataalamu wa uchumi wa afya wa Australia walipoijumlisha bili yote ya wagonjwa wao, siyo ya siku ya upasuaji peke yake, walikuta kwamba matundu yalikuwa ghali siku ya kwanza lakini nafuu kwa jumla. Huko Uholanzi nako walikuta kwamba gharama ya ziada ya siku ya upasuaji hufidiwa kwa sehemu kubwa na siku chache za kulala.

Bili ya nyumba

Hadi hapa tumezungumzia pesa zinazopita kwa keshia. Lakini kuna bili ya pili ambayo haina risiti, nayo ndiyo hasa inayolemea nyumba za Kuze, Kibokoni, Bondeni na Majengo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Hizi si bei za hospitali yoyote. Tuseme bibi wa miaka 62 anakaa Mji wa Kale na binti yake, ambaye huuza mahamri na hubakiwa na faida ya Sh600 kwa siku. Bibi akipasuliwa, binti atafunga biashara wiki sita amuuguze. Siku 42 mara Sh600 ni Sh25,200. Bibi akitobolewa na akajiweza baada ya wiki mbili, siku 14 mara Sh600 ni Sh8,400. Tofauti ni Sh16,800.

Ongeza jamaa wawili wanaokwenda kumtazama kila siku kutoka Likoni na Kisauni, kila mmoja akitumia Sh200 za nauli kwenda na kurudi. Siku tano za hospitali ni Sh2,000. Siku mbili ni Sh800. Hapo imepatikana Sh1,200 nyingine, na tofauti imefika Sh18,000. Hatujahesabu chakula kinachopelekwa wodini, wala mjukuu aliyekosa shule kwa kuwa hapana wa kumpeleka, wala wateja wa mahamri ambao wiki sita zikipita watakuwa wamezoea kwa jirani.

Kisha kuna jambo ambalo msomaji wa Mji wa Kale halihitaji kuelezwa. Nyumba zetu zina ngazi zilizosimama wima kama za minazi, na vichochoro vyetu gari halipiti. Mgonjwa mwenye mshono wa tumbo hushushwa barabarani, akashikwa mkono mpaka mlangoni, akapandishwa hadi ghorofa ya pili, na choo pengine kiko chini. Kila siku ya maumivu iliyopunguzwa katika nyumba kama hiyo ina thamani ambayo hakuna keshia anayeiandika.

Haya si mambo madogo. Tume ya jarida la Lancet iliyochunguza upasuaji duniani ilieleza mwaka 2015 kwamba watu milioni 33 kila mwaka hufilisika kwa kulipia upasuaji wenyewe. Wengine milioni 48 hufilisishwa na gharama zilizo nje ya matibabu, kama vile usafiri na malazi. Tazama vizuri: waliomalizwa na nauli ni wengi kuliko waliomalizwa na kisu.

Hivyo basi, wale wanaosema "tuchukue ya bei rahisi" wanaweza kuwa wanachukua ile ya bei ghali bila kujua, kwa kuwa wamesoma ukurasa mmoja tu wa hesabu.

Mashine haifanyi kazi peke yake

Lakini nao wanaosema "ya kisasa au hapana" wasishangilie bado.

Nafuu yote tuliyoitaja ilipatikana katika hospitali ambazo madaktari wake hufanya kazi hii kila mara. Hata hivyo, katika jaribio lile la Marekani, mgonjwa mmoja kati ya wanne aliyeanzishwa kwa matundu ilibidi amaliziwe kwa kupasuliwa, na kwa wanawake wanene sana idadi ilikuwa kubwa zaidi. Hilo si kosa la daktari. Mara nyingine ndiyo busara yake. Lakini mgonjwa huyo hulipia yote mawili: vyuma vya matundu na kitanda cha mkato.

Pia mashine ya mamilioni inayotumiwa mara mbili kwa mwezi humgharimu kila mgonjwa zaidi kuliko mashine inayotumiwa kila siku. Ni kama basi: likiwa na abiria wawili, nauli haiwezi kuwa sawa na lililojaa. Hospitali ikinunua kamera bila kumfunza daktari na muuguzi, au ikakosa fundi wa kuitengeneza, kilichonunuliwa ni pambo.

Kuhusu roboti zinazosifiwa sana siku hizi, mgonjwa hutobolewa vile vile, ila mikono ya daktari huongoza mikono ya mashine. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba roboti hugharimu zaidi kuliko laparoskopi ya kawaida. Huwasaidia madaktari hasa kwa wagonjwa wanene sana, lakini familia isiuze kiwanja kwa sababu ya jina.

Zipo pia njia za kati. Kwa mama mzee, dhaifu, ambaye maradhi yake ni ya mwanzo kabisa, mfuko unaweza kutolewa kupitia njia ya uzazi bila kutoboa wala kupasua tumbo. Huko vijijini kaskazini-mashariki mwa India, madaktari wamekuwa wakiliinua tumbo kwa chuma badala ya kulijaza hewa, ili wapunguze gharama za mashine na za nusukaputi. Ujuzi wa mtu na kifaa kinachodumu hushinda kifaa cha fahari.

Hadhari: si kila saratani ya huko chini

Hapa naomba msomaji asome polepole. Yote niliyosema kuhusu matundu ni ya tumbo la mtungi. Kwa mdomo wa mtungi, yaani mlango wa kizazi, hadithi ni nyingine kabisa.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 631 wenye saratani ya mwanzo ya mlango wa kizazi. Waliofanyiwa kwa matundu ndio waliofanya vibaya. Baada ya miaka minne na nusu, wasiokuwa na saratani walikuwa asilimia 86 tu, na kwa waliopasuliwa kwa kawaida walikuwa asilimia 96.5. Vifo navyo vilikuwa vingi zaidi upande wa matundu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, na madaktari wengi duniani wakarudia kisu cha kawaida kwa saratani hiyo.

Unaona hatari iliyopo? Jamaa mmoja husikia kwamba shangazi wa fulani "alitobolewa tumboni akapona kansa", naye akamtakia dada yake vivyo hivyo, kumbe huyu ana ya mlango na yule alikuwa na ya mfuko. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani zote mbili huitwa "kansa ya kizazi". Neno moja, maradhi mawili, na dawa zinazopingana. Mwulizeni daktari awaandikie jina kamili.

Kuna hadhari ya pili. Mnamo Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya kutumia mashine ya kuukatakata mfuko ndani ya tumbo ili upite kwenye matundu. Ikiwa ndani mna saratani, vipande vyake huweza kutapakaa. Onyo hili linawahusu hata akina mama wanaotolewa mfuko kwa sababu ya uvimbe wa kawaida, kwani mara chache uvimbe huo huficha saratani. Mfuko wenye shaka hutolewa mzima.

Gharama inayopita zote

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tuseme familia imeambiwa kwamba matundu yanafaa, lakini pesa hazijatosha. Pande la pili la familia likasema tungoje. Mchango wa kwanza ukafanywa, wa pili ukaahirishwa kwa sababu ya Ramadhani, ndugu wa Maskati akaahidi mwisho wa mwezi. Miezi minne ikapita.

Katika miezi hiyo saratani haikungoja. Ilipokuwa ndani ya utando tu, upasuaji peke yake ungeweza kutosha. Ikishatoka nje ya mfuko, huhitaji mionzi na dawa za mishipa, na kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani aliyetaka mionzi alilazimika kufunga safari hadi Kenyatta, Nairobi, akatafute na pa kulala. Gharama iliyokuwa ya wiki ikawa ya mwaka. Na uhai uliokuwa karibu na uhakika ukawa wa kubahatisha.

Kwa sababu hii nasema bila kusita: matundu ni bora kuliko mkato, lakini mkato wa mwezi huu ni bora kuliko matundu ya mwakani. Kama hospitali iliyo karibu ina daktari mzuri wa kupasua na nafasi iko, usimzuie mama yako akingojea skrini. Waliopasuliwa katika majaribio yale walipona sawasawa na wenzao. Walichopoteza ni siku za kitandani, siyo maisha.

Na ucheleweshaji mwingine hutokea hata kabla ya daktari. Mama wa makamo akiona damu baada ya miaka mingi, wapo wanaofanya mzaha kwamba ujana umerudi. Wengine swali lao la kwanza ni la ibada: nisali au nisisali, nifunge au nisifunge? Huambiwa kwamba hiyo ni istihadha, atie udhu aendelee na sala zake. Hilo ni jibu la sala. Halijawa jibu la maradhi. Akina mama wanaofundisha chuoni na wanaoulizwa mambo haya wakiongeza sentensi moja tu, "na kesho nenda hospitali", watakuwa wameokoa watu wengi.

Huko hospitalini si lazima aanze na mambo makubwa. Ataulizwa, atafanyiwa picha ya ultrasaundi kutazama unene wa utando, na ikibidi atachukuliwa kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kinyama hicho ndicho kisemacho kweli. Bila majibu ya maabara, mazungumzo ya matundu na mikato ni ya bure.

Bima nayo

Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya zamani ya NHIF ilipopisha, mambo haya yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa chini ni Sh300 kwa mwezi. Ilipoanza, kifurushi cha saratani kilikuwa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, na Sh150,000 nyingine kutoka hazina ya maradhi sugu hizo zikiisha. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hivyo uliza cha siku hiyo. La muhimu ni kwamba michango iwe imelipwa. Mtu hachimbi kisima akiwa na kiu.

Jambo moja la kuangalia: kifurushi ni cha familia na kina mwisho. Mama akipata matatizo ya kidonda akarudi wodini mara mbili, pesa ambazo zingelipia dawa zake za baadaye zitakuwa zimekwenda. Hii ni sababu nyingine ya kuhesabu bili nzima.

Maswali ya kwenda nayo

Kisiwani kwetu hospitali hazikutengana sana. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado huiita Makadara, Pandya, Aga Khan na Mombasa Hospital zote ziko ndani ya safari fupi ya tuktuk. Kuuliza mahali pawili si utovu wa adabu. Andika maswali haya katika karatasi, na aende nayo mtu mmoja mwenye subira:

Kwanza, saratani hii ni ya mfuko au ya mlango wa kizazi, na imefika wapi?

Pili, daktari atakayemfanyia mama amezoea njia ipi, na huifanya mara ngapi?

Tatu, ikiwa ni matundu, mfuko utatolewa mzima? Na ikibidi kugeuza kuwa mkato, bili itakuwa kiasi gani?

Nne, bei mliyotutajia ni ya chumba cha upasuaji tu, au pamoja na kitanda, dawa, maabara na kurudi kuangaliwa kidonda?

Tano, SHA italipa kiasi gani, na sisi tutabakiwa na kiasi gani?

Sita, tukichagua njia hii, siku ya upasuaji ni lini? Na tukichagua ile nyingine, ni lini?

Hilo la sita ndilo wengi hulisahau, na ndilo lenye bei kubwa. Ukishapata majibu, rudi nyumbani, ongeza ile bili isiyo na risiti, yaani siku za kazi, nauli, ngazi na mahamri yasiyopikwa, kisha familia ikae iamue. Na mwenyewe mgonjwa asiachwe chumbani wakati anaamuliwa. Tumbo ni lake.

Kawia ufike haimfai mgonjwa wa saratani. Nawatakieni Jumapili njema, na kama nyumbani mna mama ambaye amekuwa akificha jambo kwa haya, muulizeni leo.